Mshipi, Bukta na Makubadhi: Vya Kununua na Vya Kuacha kwa Mvaaji wa Kikoi Mombasa

Kikoi cha kukaa nacho barazani jioni hakidai vitu vingi. Unakizungusha, unakikunja juu, basi. Kazi huanza kinapokuwa vazi la kutwa: asubuhi Marikiti, kisha tuktuk, kisha feri ya Likoni huku kusi inavuma, Adhuhuri msikitini, ngazi za ofisi, na kurudi tena. Kwa matembezi kama hayo kila kitu kinategemea kiuno: kinavyobanwa, kinavyopumua, na uzito kinaoubebeshwa. Tathmini hii imezingatia hilo tu. Vitu vyote vilivyotajwa hupatikana Mtaa wa Biashara, Kongowea, maduka ya vitu vya Kiislamu au kwa mafundi wa Mji wa Kale.

Anza na nguo yenyewe, maana kikoi kifupi hakiokolewi na mshipi wowote. Pima nyonga pale palipo pana zaidi, si kiuno, kisha ongeza sentimita 50. Hizo 50 ndizo zinazopishana mbele na kukusitiri unapopiga hatua ndefu au kupanda gari. Mwenye nyonga ya sentimita 95 anahitaji 145, na vikoi vingi madukani, vyenye urefu wa karibu mita 1.5 hadi 1.7, vinamtosha. Mwenye nyonga ya sentimita 115 anahitaji 165. Akichukua cha mita 1.5 atabakiwa na sentimita 35 za kupishana, na upepo wa kivukoni utazishinda. Mwambie muuzaji akikunjue, upime bila kuhesabu matamvua, kwa sababu matamvua hayasitiri kitu. Mnene ambaye hakupata kikoi kirefu ni afadhali achukue saruni iliyoshonwa mviringo. Hiyo haifunguki hata kidogo, ila ikiwa mzunguko wake hautimii mita 2 itambana magoti kwenye ngazi.

Pamba tupu hushika kiunoni, polista huteleza. Ukitaka kujua, omba uzi mmoja wa tamvua uuchome. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Wa polista huyeyuka, ukipoa unakuwa kidonge kigumu. Kikoi kipya cha pamba nacho huteleza kikiwa bado na dondo la kiwandani, na wengi hukilaumu bure. Kifue mara mbili kwanza, peke yake, kwa maji baridi. Ufuaji huo utaondoa dondo na rangi ya ziada, na pia utakionyesha kimerudi, yaani kupungua, kiasi gani, maana pamba mpya hurudi. Kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike ni mazoea ya nyumba nyingi, lakini chumvi haiifungi rangi iliyokwisha tiwa kiwandani. Maji baridi na kufua mbali na nguo nyeupe ndiyo kinga.

Sasa mishipi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Wengi huchukua mkanda wao wa suruali. Ule mwembamba wa sentimita 2.5 haufai. Suruali ina vitanzi vya kuushika, kikoi hakina, kwa hiyo mkanda mwembamba hujikunja, huingia kwenye mkunjo wa tumbo na kukata ngozi unapokaa. Upana unaofaa ni sentimita 4 hadi 5. Kosa la pili ni urefu. Kikoi kilichokunjwa huongeza unene kiunoni, kwa hiyo namba ya suruali yako haitatosha. Vaa kikoi kwanza, kisha pima juu yake, ukiwa umekaa. Vidole viwili vipite kati ya mshipi na nguo ukiwa kwenye kiti. Vikipita ukisimama tu, utaulegeza kila utakapokaa, na kila ukiulegeza kikoi kinashuka.

Mshipi wa ngozi halisi unashika vizuri na unadumu, lakini hali ya hewa ya Pwani haiupendi. Jasho na unyevu huleta ukungu, hasa masika, na rangi nyeusi ya ngozi mpya huhamia kwenye kikoi cheupe na kuacha duara lisilotoka. Sugua upande wa ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kulipa. Kikishika rangi, uache. Angalia pia ukingo uliokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zake tangu juu hadi chini, ilhali reksini huonyesha tabaka la plastiki juu na kitambaa chini yake. Reksini itabanduka maganda, na maganda hayo hunata kwenye pamba kwa ajili ya joto la mwili. Anayetaka ngozi kwa bei ya chini apite kwenye mitumba ya Kongowea. Mshipi mkongwe wa ngozi nzima uliokwisha kulainika na kumaliza kutoa rangi ni bora kwa kikoi kuliko mpya wa dukani, na matundu huongezwa na fundi yeyote wa viatu.

Bizimu ikaguliwe peke yake. Chukua sumaku ndogo: ikinasa, ni chuma kilichopakwa mng'aro, na hewa ya bahari itakitia kutu. Kutu hiyo huishia kwenye nguo. Doa la kutu kwenye kikoi lisimwagiwe jiki, kwa sababu jiki hulizidisha. Lipakwe maji ya ndimu na chumvi, lianikwe juani, kisha lisuuzwe, likibaki, rudia.

Mshipi wa Hija, ule mpana wenye mifuko ya zipu na vifungo vya kubana, umekuwa chaguo la wengi na unastahili kuelezwa kwa haki. Ulitengenezwa kwa ajili ya mwenye ihramu, mtu aliyevaa shuka mbili zisizoshonwa na asiye na pa kuweka pasi wala pesa, kwa hiyo tatizo lake ni lile lile la mvaa kikoi. Upana wake, karibu sentimita 8 hadi 10, hausukumi nguvu mahali pamoja, na mwenye kukaa sana dukani au kwenye usukani atauona mwepesi. Ubaya wake ni upande wa ndani, unaolalia mwili. Mingi imeshonwa kwa nailoni au reksini, haipitishi hewa, na kwa jasho la Machi mtu hutoka harara mzunguko mzima wa kiuno. Ukiupata wa turubai laini la pamba, chukua huo. Zipu ziwe za plastiki, kwa kuwa za chuma hukwama kwa chumvi. Uachane na unaofungwa kwa utepe wa kunata wenye meno: meno hayo hushika matamvua na kuzichomoa nyuzi za kikoi, na yakishajaa nyuzi hayashiki tena.

Mishipi ya lastiki ipitwe mbali. Inabana muda wote, umekaa au umesimama, na joto na jasho huilegeza mapema.

Unaoshinda yote kwa matumizi ya kila siku hauuzwi tayari mahali pengi, lakini fundi wa mikoba anaushona kwa muda mfupi: utepe wa pamba nzito wa sentimita 4, wenye pete mbili mwishoni badala ya bizimu ya matundu. Mpelekee kipimo cha kiuno chako juu ya kikoi, na umwambie aongeze sentimita 30 za mkia. Pete ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, zenye upana wa ndani sawa na utepe; zikiwa pana kuliko utepe, mshipi utakwenda upande. Kishono cha kuzishika pete kiwe mraba wenye msalaba ndani, si mstari mmoja, kwa maana hapo ndipo panapovutwa. Mkia ukunjwe mara mbili na kushonwa. Fundi akikupa utepe wa nailoni na kuuchoma ncha kwa kiberiti, ncha hiyo itakuwa ngumu na itakuchoma ubavuni, na nailoni yenyewe huteleza kwenye pete. Faida kubwa ya pete mbili ni kwamba unalegeza sentimita 2 ukikaa na kukaza ukisimama, kwa mkono mmoja, bila kutafuta tundu. Kasoro yake ipo: pamba ikilowa inakaza, na kuifungua inataka subira.

Namna ya kuufunga ni muhimu kama mshipi wenyewe. Simama miguu imeachana upana wa mabega. Anayefunga miguu ikiwa pamoja hujinyima hatua, kisha kila ngazi anayopanda inavuta mkunjo hadi unafunguka. Inua nguo ipite kitovu kwa vidole vinne, peleka upande wa kulia hadi nyonga ya kushoto, kisha wa kushoto juu yake hadi nyonga ya kulia. Funga mshipi usawa wa kitovu. Ukingo uliobaki juu uukunje nje, ushuke na kuufunika mshipi. Hivyo ngozi yako inagusana na pamba tu, na mshipi hauonekani. Kwa mshipi wa Hija usikunje, maana utaifunika mifuko. Acha nguo itokeze vidole viwili juu yake. Kumbuka kila mkunjo unapandisha pindo la chini kwa sentimita 3 au 4, kwa hiyo kikoi cha upana wa mita 1 kikikunjwa mara tatu humfikia mrefu katikati ya muundi.

Kibindo bado ni mfuko mzuri, kikitumiwa kwa kazi yake. Noti zilizokunjwa, kadi, ufunguo mmoja bapa: futika mbele kidogo ya mfupa wa nyonga, kisha kunja mara moja zaidi juu yake. Sarafu hudondoka. Simu ndiyo inayoharibu. Ina uzito wa karibu gramu 200, na kila hatua inaruka na kushuka, mkunjo unalegea upande huo, pindo linakwenda mshazari, na mtu anashinda akijivuta kikoi kutwa.

Waskoti wameishi na jambo hili kwa muda mrefu. Kilti yao, ile sketi ya wanaume, haina mifuko, na jibu lao ni sporani, kifuko cha ngozi kinachokaa mbele kikishikwa na mkanda wake wenyewe kiunoni. Kilti inashikwa na vifungo vyake, mzigo unashikwa na vyake. Mvaa kikoi achukue kanuni hiyo hiyo: simu iwe na mkanda wake. Mkoba mdogo wa kupitisha begani, wa takriban sentimita 15 kwa 20, unatosha simu, kitambulisho, miwani na tasbihi. Mkanda wake uwe wa sentimita 3 au zaidi, na urefu wake uulaze mkoba juu ya mfupa wa nyonga. Ukishuka hadi pajani utapiga mguu kila hatua na kuvuta sehemu ya kupishana ya kikoi. Zipu ielekee mwilini, na kwenye msongamano wa feri uvutwe mbele. Bombolulu, ambako karakana ya watu wenye ulemavu imejulikana miaka mingi kwa vito na kazi za ngozi, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka wa ngozi.

Funzo jingine la Waskoti ni pini. Huichoma kwenye tabaka la juu la kilti peke yake, iwe uzito wa kulituliza, na hawaiunganishi na tabaka la chini. Hapa kwetu wengi huunganisha tabaka zote mbili za kikoi kwa pini ya nepi, na matokeo ni tundu. Hatua inapovuta, nguvu yote inaishia kwenye nyuzi mbili tatu, na nyuzi za kikoi, ambazo hazikufumwa kwa kubanana sana, huachana. Choma tabaka la juu tu, sentimita 10 juu ya pindo na 5 kutoka kwenye ukingo. Ikiwa upepo ni mkali kweli, ushonee ukingo huo kamba fupi ya ndani ya kufungia, usawa wa paja.

Bukta ya ndani si jambo la hiari kwa anayepanda bodaboda. Achague ya pamba, yenye miguu inayoshuka vidole vitatu chini ya pale mapaja yanapogusana. Fupi kuliko hapo itapanda na kujikunja, na mchubuko utatokea chini ya ukingo wake. Mishono ya katikati iwe bapa. Kipitishe kidole ndani: ukihisi tuta, nawe utalihisi baada ya kutembea kutoka Mwembe Tayari hadi Ngome ya Yesu. Rangi ndiyo inayokosewa zaidi. Chini ya kikoi cheupe watu huvaa bukta nyeupe, nayo inaonekana waziwazi juani. Ya kahawia au ya kijivu iliyo karibu na rangi ya ngozi yako hupotea kabisa. Kiuno cha bukta kiwe cha kamba kuliko lastiki nene, na kikae chini ya mstari wa mshipi kwa vidole viwili. Lastiki, mkunjo na mshipi vikikutana pamoja vinaleta ile alama nyekundu inayowasha jioni.

Shati au fulana ishuke angalau sentimita 20 chini ya mshipi. Sitara ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na kwenye rukuu fulana fupi hupanda mgongoni huku kikoi kikishuka. Kofia ifuate kipimo cha kichwa juu ya masikio, na ya kazi ya mkono yenye vitobo hupumua kuliko ya mashine yenye bitana ya polista. Ikifuliwa ikauke juu ya foroma au bakuli la ukubwa wake, la sivyo itarudi.

Makubadhi yanahitaji muda wako zaidi kuliko kofia. Nenda alasiri, wakati mguu umeshavimba kwa joto, maana yanayokaa sawa asubuhi yatakubana ufikapo jioni. Kisigino kibakishiwe nusu sentimita ya soli nyuma. Chagua ya kuchomeka mguu tu, bila mkanda wa kisigino: bizimu ya nyuma hunasa matamvua na pindo unapoinuka, na mlangoni mwa msikiti inakuchelewesha. Pindo la kikoi lenyewe likae vidole vinne juu ya kifundo, mbali na kisigino.

Kasoro ya makubadhi ya ngozi tupu ni soli. Ikilowa huteleza juu ya mawe na marumaru, na baada ya mvua vichochoro vya Mji wa Kale si mahali pa kujaribia. Mwambie fundi aongeze chini kipande cha mpira wa tairi cha milimita 5 hivi. Mpira mnene wa akala hushika zaidi, lakini uzito wake unachosha kifundo na haupindi pamoja na mguu. Gundi peke yake haitoshi, kwa sababu lami ya mchana huilainisha na soli hufunguka kuanzia ncha ya mbele. Dai ishonwe pembeni kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta, na misumari, ikiwapo, ipigwe na kukunjwa ncha zake ndani ya ngozi. Pitisha kidole gumba juu ya soli yote ya ndani kabla ya kulipa. Kamba ya kidole gumba ikikuuma, mwambie fundi ailainishe kwa mafuta ya nazi kidogo na kuipiga nyundo taratibu juu ya foroma. Usiloweke majini, kwa kuwa ngozi ikikauka hukakamaa kuliko ilivyokuwa. Ukitoka ufukweni, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji matamu na uyaanike kivulini.